Homoni za Mama Aliyejifungua Hazijaharibika

Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu, akiamka saa tisa usiku kunyonyesha huku simu iko mkononi, hana haja ya kutafuta ushauri. Ushauri unamfuata. Mwalimu mmoja wa mazoezi atamwambia kwamba uchovu wake, nywele zinazobaki kwenye chanuo, machozi yanayomjia bila sababu na tumbo lisilorudi, vyote vinatokana na homoni zilizovurugika, na kwamba mazoezi ya siku 30 yatazisawazisha. Video inayofuata itamwambia kinyume: asithubutu kukimbia wala kuinua kitu kizito, maana mazoezi makali yatampandishia kortisoli, homoni ya msongo, na kumvuruga zaidi. Mabishano haya yamepata nguvu mpya tangu mwaka 2025, wataalamu wa Kanada walipotoa mwongozo wa mazoezi kwa mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Mwongozo huo unapendekeza angalau dakika 120 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani au zaidi, zigawanywe katika siku nne au zaidi, pamoja na mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, kila siku. Sababu zake ni za kawaida kabisa: kupunguza sonona, kuzuia mkojo kuvuja, kudhibiti uzito. Lakini kadiri habari ilivyosambazwa, imegeuka kuwa ushahidi kwamba mazoezi "yanarekebisha homoni".

Msimamo wangu ni huu. Mazoezi yanamsaidia sana mama aliyejifungua, na anapaswa kupewa nafasi ya kuanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Lakini hayamsaidii kwa kurekebisha homoni zilizoharibika, kwa kuwa kwa wanawake wengi hakuna kilichoharibika. Mtu anaweza kuona kwamba tunabishania maneno tu. Kwa yule mama ambaye kweli homoni zake zina ugonjwa, maneno hayo yanamgharimu miezi.

Tuanzie kwenye kondo la nyuma. Baada ya wiki chache za mwanzo za ujauzito, kondo ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya estrojeni na projesteroni, homoni kuu za uzazi za kike, katika mwili wa mama, kwa viwango ambavyo ovari zake peke yake hazijawahi kuvifikia. Likitoka, kiwanda kimeondoka. Ndani ya siku chache viwango hivyo hushuka hadi pale vilipokuwa kabla ya mimba, na mshuko huo ndio unaoitwa "kuvurugika". Lakini tazama kazi ambayo mshuko huo hufanya. Wakati wote wa ujauzito, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, huwa juu tayari. Kinachozuia matiti yasijae ni projesteroni. Projesteroni inaposhuka, kizuizi kinaondoka, na siku ya pili hadi ya nne maziwa yanaingia. Kilio cha siku ya tatu na matiti yaliyojaa hadi kuuma hufika pamoja, na vyote viwili hufuata mshuko uleule. Mwili ambao homoni zake zisingeshuka hivyo usingeweza kumlisha mtoto.

Kunyonyesha nako kuna hesabu yake. Mtoto anaponyonya, prolaktini hupanda na mfumo unaoamrisha ovari hutulizwa, hivyo estrojeni hubaki chini kwa miezi. Mama huona uke mkavu, jasho la usiku linalolowesha shuka, hamu ya tendo la ndoa iliyopungua, na hedhi isiyorudi. Ukimpima damu ukamlinganisha na mwanamke asiyenyonyesha, utasema ana upungufu. Lakini hali hiyohiyo ndiyo inayofanya njia ya uzazi wa mpango ya kunyonyesha ifanye kazi: mama anayenyonyesha maziwa yake tu, mtoto hajafikisha miezi sita na hedhi haijarudi, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 dhidi ya mimba nyingine. Hakuna zoezi linaloondoa hali hii, na sioni kwa nini tutake liiondoe. Ukavu una vilainishi, na mtu wa afya anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka. Nywele pia zina maelezo mepesi. Wakati wa ujauzito nyingi zilizopaswa kudondoka hubaki kichwani. Miezi kama mitatu baada ya kujifungua hudondoka kwa pamoja, kisha huota tena.

Hisia ndizo ngumu zaidi, na hapo neno "kusawazisha" linashindwa kabisa. Mwaka 2000, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha jaribio dogo ambalo hadi leo naliona kuwa la maana kuliko maelfu ya video. Waliwachukua wanawake 16 wenye afya njema wakati huo: wanane waliwahi kupata sonona baada ya kujifungua, wanane hawakuwahi. Wote walipewa homoni kwa dozi zinazofanana na za ujauzito, kisha homoni hizo zikaondolewa bila wao kujua siku gani. Kati ya wanane wa kundi la kwanza, watano walirudiwa na dalili. Katika kundi la pili, hakuna hata mmoja. Mshuko ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni namna ubongo wa kila mwanamke ulivyoupokea. Ni jaribio la watu wachache, kweli, lakini limesimama kwenye njia ileile iliyokuja kuzaa zuranolone, dawa ya vidonge ya siku 14 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa sonona ya baada ya kujifungua, ambayo huiga kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza kutokana na projesteroni. Kama tatizo lingekuwa mizani ya homoni, kipimo cha damu kingetosha kumwonyesha mgonjwa. Hakitoshi.

Sasa niwape wanaonipinga haki yao. Hoja yao iliyo bora kuliko zote haihusu maabara. Wanasema: mama huyu amezoea kuambiwa ni mvivu, amejiachia, hana shukrani kwa baraka aliyopewa. Ukimwambia "ni homoni", unamwondolea lawama. Ukimwongezea "na unaweza kufanya jambo", unamrudishia nguvu. Ikiwa atatembea na akajisikia nafuu, kuna ubaya gani akiamini kwamba homoni zimekaa sawa? Naiheshimu hoja hii, kwa sababu nafuu ni ya kweli. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti 35 kuhusu mazoezi na afya ya akili baada ya kujifungua ulionyesha kwamba dakika kama 80 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mfano kutembea kwa mwendo wa haraka, zinatosha kupunguza dalili za sonona kwa kiasi cha kuonekana. Kwa mtu asiyelala usiku, dakika 80 ni habari njema.

Ninapotengana nao ni kwenye lawama. Haiondoki, inahama tu. Kama homoni zake zimevurugika na mazoezi ndiyo dawa, basi mama anayebaki na huzuni baada ya siku 30 hakufanya vya kutosha. Amefeli mara ya pili, na safari hii amefeli kitu alichoambiwa kiko mikononi mwake.

Na kama kweli tunataka kuzungumzia homoni ambazo mazoezi yanazigusa, tuzitaje kwa majina. Ya kwanza ni insulini, ambayo sijawahi kuisikia kwenye video hata moja ya kusawazisha homoni baada ya kujifungua. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba anakabiliwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili ambayo ni mara kadhaa zaidi ya mwanamke ambaye sukari yake haikupanda. Tafiti kubwa zimeipima kuwa kati ya mara saba na kumi. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuisubiri insulini, na baada ya mazoezi huendelea kuiitikia insulini vizuri kwa siku moja au zaidi. Kwa hiyo mazoezi ya siku nne kwa wiki yanamaanisha kwamba mwili wake unapata msaada huo karibu muda wote. Homoni ya pili inatoka kwenye titi lenyewe: wakati wa kunyonyesha, matiti hutoa homoni inayochota kalsiamu kwenye mifupa ya mama ili iingie kwenye maziwa. Katika miezi sita, mifupa ya mgongo inaweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake wa madini. Hurudi baada ya mtoto kuachishwa, na kuna ushahidi wa mwaka 2009, wa jaribio dogo, kwamba kuinua uzito kunapunguza upotevu huo. Hizi ni faida kubwa. Hazivutii kwenye simu kwa sababu mama hawezi kuziona kwenye kioo.

Upande mwingine kuna hoja ya kortisoli, na hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Kortisoli hupanda kila asubuhi mtu anapoamka. Isingepanda, angebaki kitandani hoi. Hupanda kidogo mtu anapofanya mazoezi, ili msuli upate sukari, kisha hushuka. Wakati wa ujauzito ilikuwa juu mara mbili au tatu ya kawaida kwa miezi, kwa kusukumwa na kondo, na mama huyohuyo aliyeibeba hali hiyo ndiye anayeambiwa kwamba nusu saa ya kupanda ngazi itamwangamiza. Kinachoweza kumvuruga kweli ni kingine: kufanya mazoezi mengi huku anajinyima chakula ili tumbo lipungue haraka. Kunyonyesha peke yake hutumia nishati ya kama kilokalori 500 kwa siku. Ukiongeza mazoezi juu yake na ukapunguza sahani, mwili hukosa cha kutumia, na hapo ndipo mifupa, hedhi na hisia vinapoanza kulipa. Tatizo likiwa hilo, dawa yake ni chakula.

Kuna pia hofu kwamba mazoezi hukausha au kuchachusha maziwa. Mwaka 1994, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 33 waliokuwa wakinyonyesha maziwa yao tu. Waliopangiwa mazoezi walianza wiki ya sita hadi ya nane, wakafanya dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Maziwa hayakupungua, muundo wake haukubadilika, prolaktini haikutofautiana na ya wenzao, na watoto waliongezeka uzito sawasawa. Miaka zaidi ya 30 imepita na bado kuna mama anayekataa kutembea kwa sababu aliambiwa maziwa yatakuwa machungu.

Lakini wanaosema mama apumzike wana sehemu ya ukweli ambayo wauzaji wa programu wanairuka. Hawaielezi vizuri, wakati mwingine wanaifunga kwenye homoni ya rilaksini inayodaiwa kulegeza viungo kwa mwaka mzima, ilhali nayo hushuka upesi baada ya kondo kutoka. Ukweli wenyewe uko kwenye misuli. Mtoto anapopita, baadhi ya misuli ya sakafu ya nyonga hunyooka hadi kama mara tatu ya urefu wake. Hakuna msuli mwingine wa mwili unaofanyiwa hivyo halafu mwenye nao akaambiwa aruke kamba baada ya wiki sita. Misuli ya tumbo nayo huwa imeachana katikati: utafiti mmoja uliikuta hivyo kwa wanawake 60 kati ya 100 wiki ya sita, na kwa theluthi moja hata baada ya mwaka. Aliyepasuliwa ana mshono unaoonekana na mingine isiyoonekana, kwenye ukuta wa tumbo na kwenye mfuko wa uzazi. Ndiyo maana wataalamu wa viungo wa Uingereza, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, walisema kukimbia kusubiri angalau miezi mitatu, na hata hapo baada ya kujipima.

Kusubiri kukimbia si kulala. Wiki sita za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kutembea taratibu kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi ni kinga. Mazoezi ya nyonga, ambayo daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandikia mwaka 1948, yanaweza kuanza siku za mwanzoni kabisa, mara mpira wa mkojo unapotolewa na maumivu yanaporuhusu. Wengi huyafanya vibaya kwa sababu hakuna aliyewaelekeza kwa maneno ya wazi, kwa hiyo nitayasema. Kaa kwenye kiti, miguu chini. Vuta misuli ya njia ya haja kubwa kama unayezuia upepo usitoke, kisha endeleza mvuto huo kuja mbele kama unayezuia mkojo. Matako yasibane, pumzi isizuiwe. Shikilia kwa kadiri unavyoweza, labda sekunde tatu tu mwanzoni, halafu achia kabisa, mpaka usikie misuli imeshuka mahali pake. Kuachia ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu inayosahaulika. Ukisikia uzito ukeni kama kitu kinashuka, mkojo ukitoka unapokohoa, au damu iliyokuwa imepauka ikirudi kuwa nyekundu baada ya siku ya mazoezi, mwili umesema punguza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aliyekwisha kuzaa ana sababu kubwa zaidi ya kusema, kwa sababu mkojo unaovuja unatibika, na wanawake wanakaa nao miaka kumi kwa aibu.

Sasa nirudi kwenye ile miezi iliyopotea. Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa pili salama. Mwezi wa tatu moyo ulikuwa ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka anapofunga nepi, na uzito ukishuka, watu walimsifu. Mwezi wa sita akawa hoi, anasikia baridi wakati wote, ngozi kavu, hawezi kumaliza sentensi. Kila aliyemuuliza alimwambia ni homoni, na kwenye kituo alikompeleka mtoto kwa chanjo alijibiwa hivyohivyo na kushauriwa afanye mazoezi. Alilipia programu. Akawa anafanya zoezi la dakika 20 kisha analala sakafuni, kwenye mkeka, mpaka mtoto aamke. Ilipofika mwezi wa tisa ndipo daktari mmoja alipoagiza kipimo cha tezi ya shingo. Zilikuwa ni homoni kweli, lakini za tezi, na zilihitaji kidonge.

Alichougua kinaitwa uvimbe wa tezi ya thairoidi wa baada ya kujifungua, na huwapata takriban wanawake 5 kati ya 100. Kwa kawaida tezi huvuja kwanza, ndiyo mapigo ya mbio na kutetemeka, kisha huchoka, ndiyo baridi na uchovu. Kwa wengi tezi hurudi kwenye hali ya kawaida yenyewe ndani ya mwaka au mwaka na nusu. Kwa baadhi hairudi. Mwanamke aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua anaweza kupata jambo la nadra lakini zito zaidi, tezi ya pituitari iliyoko chini ya ubongo kufa kwa kukosa damu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutoingia kabisa. Na sonona yenyewe: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 kati ya 100 waliotoka kujifungua wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Machozi ya siku za kwanza huisha ndani ya wiki mbili. Yasiyoisha yanahitaji kuulizwa, na nyenzo ipo tangu 1987, dodoso la Edinburgh, maswali kumi ambayo mama anaweza kuyajibu akiwa amempakata mtoto. Neno "homoni", likitumika kwa kila kitu, linafunika haya yote kwa shuka moja.

Kwa hiyo ziara ya wiki ya sita inapaswa kubadilika. Mara nyingi mtoto anapimwa uzito, mama anaulizwa kuhusu uzazi wa mpango, wanaondoka. Aulizwe kama mkojo unavuja. Apewe yale maswali kumi. Aliyekuwa na kisukari cha mimba apimwe sukari na aambiwe kwa nini mazoezi yanamhusu yeye kuliko jirani yake. Mwenye uchovu usiolingana na usingizi anaoupata apimwe wingi wa damu, na tezi, hata kama dalili zimekuja baadaye na imembidi arudi mwezi wa sita au wa nane. Walimu wa mazoezi nao wana nafasi kubwa hapa, kwa sababu wao humwona mama mara nyingi kuliko daktari. Anayeona mwanafunzi wake anazidi kuchoka wiki baada ya wiki amwelekeze hospitali badala ya kumuuzia ngazi ya pili ya programu.

Nyumbani nako kuna kazi, maana hizo dakika 120 zimeandikwa kana kwamba mama anazo. Hana. Siku nne kwa wiki maana yake ni kwamba mara nne kwa wiki mtu mwingine anamchukua mtoto aliyekwisha kunyonya, anamcheulisha, anabaki naye nusu saa nzima, na anajua nepi ziko wapi bila kumpigia mama simu. Baba wa mtoto anaweza kuanza na kesho jioni.